Chiriku Hajambo

Jumatatu, 3 Machi

Simu ya binti yangu imeuliza tena: "Chiriku, leo unajisikiaje?" Chiriku ndilo jina alilojiandikisha nalo kwenye programu ya chuo, ile ya kuwaliwaza wanafunzi wenye mawazo. Jina halisi hawalitaki — siri. Aliugua homa wakati wa likizo. Hatunaye tangu Novemba. Ofisi ya masomo walileta rambirambi na shada la maua. Ofisi ya programu iko jengo jingine. Wao wanaendelea kumuuliza tu.

Najibu mimi. Wiki ikipita bila jibu, akaunti inafutwa, na humo ndimo ilimo sauti yake. Waliambiwa wajirekodi maneno ya kujiamsha siku mbaya. Kila asubuhi, mpaka ujibu, inasema: "Amka we mvivu, Baba keshachemsha chai!" Halafu anacheka mpaka anapaliwa. Nilijaribu kuinasa kwa simu yangu kuukuu. Ukatoka mkwaruzo, kicheko hakimo.

Nikaandika: mgongo unauma, macho mazito. Jibu: hali hiyo ni ya kawaida mitihani ikikaribia.

Mitihani! Mimi niliyeishia shule ya msingi.

Jumanne, 4 Machi

Imeuliza rafiki yangu wa karibu ni nani. Cherehani, nikaandika. Ikanipa nyota kwa kupenda ubunifu.

Dada yangu alikuja kuchukua gauni, akanikuta nabofya. Kaka, utachekwa, akasema, mtu mzima unaulizwa na simu kama umekunywa maji! Nikamuuliza, wewe umeniuliza lini? Akakunja gauni, akalikunjua. Kisha akauliza kama nimekunywa maji.

Alhamisi, 6 Machi

Ushauri wa leo: mpigie mzazi wako, mweleze yaliyo moyoni. Sikuona ubaya. Nikashika simu ya binti yangu, nikapiga. Yangu ikaita mfukoni — picha yake hiyo kwenye kioo, na kofia niliyomshonea ikambana. Nilikuwa nampima kiuno mwalimu mmoja, mgeni mtaani.

"Pokea basi, fundi, si mwanao huyo!"

Nikapokea. Simu mbili, masikio mawili, futi shingoni. Nikasema haloo huku, haloo ikanifikia kule. Mwalimu akauliza, hajambo? Hajambo, nikasema.

Jioni nikaripoti kwamba nimeongea na mzazi. Ikauliza anaendeleaje. Nikaandika: amechoka, lakini anajitahidi. Ikasema nina bahati kuwa na mzazi kama huyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejiponza! Iliuliza natamani nini. Nikajibu kweli: kuonana naye tena, hata dakika moja.

Mchana ikaita simu yangu. Mwanamke, mshauri wa wanafunzi. Namba ya mzazi kaipata kwenye programu. Anasema Chiriku amewashiwa taa nyekundu. Je, baba, umeona mabadiliko yoyote kwa mwanao?

Yapo, nikasema.

Makubwa?

Makubwa.

Basi nisimwache peke yake hata kidogo. Jumatatu watakuja.

Nilitaka kumwambia. Badala yake nikamwelekeza dukani kwangu. Akijua, ataifunga akaunti, ndiyo kanuni yao. Na kile kicheko nitakisikia wapi?

Jumatatu, 10 Machi

Wako hapa sasa hivi. Mshauri na wanafunzi wawili wa kujitolea, wamekaa benchi la wateja. Wamekuja na puto la njano: HAUKO PEKE YAKO. Puto limenasa kwenye feni. Naandika nikijifanya nanukuu vipimo vya suruali.

Nimeanza kusema mara mbili. Kwanza akaingia mteja kuulizia zipu. Kisha simu ya binti yangu, kwenye droo ya vifungo — leo nilisahau kuijibu:

"Amka we mvivu, Baba keshachemsha chai!"

Na kicheko, mpaka kupaliwa.

Wote watatu wakageukia pazia la kujaribia nguo, lililo kando ya droo. Mwanafunzi mmoja akamnong'oneza mwenzake, kumbe ni mchangamfu hivi! Mshauri akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie.

"Usimharakishe, baba. Tutamsubiri."

Nikafanya nini? Nikachemsha chai. Tuko wanne. Mkono ukapanga vikombe vitano, na hakuna aliyeshangaa. Mshauri ameshika kijiko, ananiuliza Chiriku anatia sukari vijiko vingapi.

Viwili, nimesema. Hilo ni kweli tupu. Na hapendi ikorogwe sana.

Ametia. Amekoroga kidogo tu. Anainuka na kikombe, anaelekea kwenye pazia —