Skrini Mpya Imewakondesha Wauguzi Wote

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa maana tumbo joto na kula nimeacha.

Mimi ni msafishaji wa picha, nazirekebisha kwenye kompyuta, katika studio ya shemeji yangu, mume wa dada, na kazi yenyewe niliipata baada ya dada kuniombea sana, na skrini ya zamani ilipokufa shemeji alitaka fundi achague nyingine lakini mimi kwa kimbelembele changu nikasema niachieni, najua, nikaenda dukani, muuzaji akaniambia chukua hii pana ya inchi ishirini na saba, kubwa ndiyo safi, nikaibeba, nikachomeka waya, ikawaka, nikafurahi.

Basi zikaja picha za mahafali ya wauguzi, mia mbili na kumi na nne, na kila sura niliyofungua ilikuwa imevimba mashavu, nikasema kimoyomoyo kamera ya shemeji imezeeka, nikazibana zote upana kwa robo mpaka zikakaa sawa, nikahifadhi juu ya zilezile, siku nne nzima, nikajiona bingwa. Juzi muuguzi mmoja akaomba yake kwenye simu, nikamtumia, akanipigia: "Dada, mbona umenikondesha hivi? Mama ataniuliza naumwa nini!" Nikacheka naye, nikakata simu, nikatazama nyingine kwenye simu, na nyingine, wamekonda wote, mshauri, wote, na kwenye skrini bado wako sawa, sijui kipi kinanidanganya.

Ijumaa shemeji anazipeleka kuchapwa, na kadi ya kamera yenye picha za mwanzo anataka kuifuta apigie picha za harusi, na alishaniambia kosa moja lingine nikapumzike nyumbani. Akisogeza kiti tu nyuma yangu nazifunga picha haraka. Nimwambie, au ninyamaze, pengine watu hawataona?

Mwenye Tumbo Joto

*

Mwenye Tumbo Joto,

Pole. Kukaa chumba kimoja na mtu unayemwogopa kunachosha kuliko kazi yenyewe. Sasa nikugombeze: wauguzi zaidi ya mia mbili wavimbe mashavu siku moja, na wewe hukujiuliza?

Simu yako inasema kweli. Nimemuuliza fundi wetu hapa gazetini. Kompyuta yenu bado inatuma picha ya umbo la skrini ya zamani, huenda nukta, vile vidoa vya mwanga vinavyounda picha, 1024 kwa upana na 768 kwa urefu, yaani 4 kwa 3. Skrini mpya ni pana, 16 kwa 9, na nyingi za aina hiyo zina nukta 1920 kwa 1080. Ikaivuta picha ijaze upana wote, kila kitu kikanenepa, nawe ukawakondesha watu wasio na kosa.

Fungua mipangilio ya skrini uchague 1920 kwa 1080. Kompyuta ikikataa kwa uzee, chagua namba nyingine za umbo hilohilo, kama 1280 kwa 720. Kisha chora duara, ulipime kwa rula upana na urefu. Vipimo visipolingana, usiguse sura ya mtu.

Nanyi mnaokwenda dukani, inchi hupimwa kona hadi kona tu. Hazisemi umbo wala idadi ya nukta, na skrini kubwa yenye nukta chache huonyesha picha yenye chengachenga. Ulizeni vyote vitatu, na kama kompyuta yenu inaviweza.

Eti watu hawataona! Mama wa muuguzi ataona kabla hajavaa miwani. Mwambie shemeji, ukiogopa hivyohivyo.

Barua yako niliifungua Jumatano, na gazeti linatoka Jumamosi. Ningekujibu humu tu, ungekuwa umechelewa. Kwa hiyo nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Akapokea mwanamume, akataja jina la studio. Nikamwomba asifute kadi wala asipeleke kitu kuchapwa, kwamba shemeji yake atamweleza sababu.

Akasema, "Sawa, mama. Mbona hajaniambia mwenyewe?"

Hilo sikumjibu. Ni lako.