Walipoita Jina Lako Huku Lukozi

Shikamoo Baba,

Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa ukungu wa huku Lukozi, ila tumbo limejaa makande ya moto ya Bi Nakijwa, yule jirani yetu wa zamani. Jana chama chenu cha wakulima kilifanya mkutano wa mwisho, maana sasa kinaingia katika kijiji cha ujamaa. Bi Nakijwa aliwasimulia vijana jinsi ulivyokataa kuchimba matuta kwa amri ya Mzungu, kisha Uhuru ulipokuja ukawa wa kwanza kuyachimba.

“Tulimcheka,” alisema. “Akatujibu, ‘Haya sasa ni yetu.’”

Ndipo katibu akasoma majina ya wanachama wa kwanza. Wengi wametangulia mbele ya haki, na kila jina lao lilipotajwa watu walinyamaza kidogo. Jina lako lilipotajwa wakanyamaza vilevile. Nikasimama mbio.

“Yupo! Yuko Tanga, anaumwa miguu tu!”

Baba, walipiga makofi mpaka Bi Nakijwa akajifuta machozi kwa kanga. Wanakusalimu wote. Usimsumbue Mama, meza dawa zako.

Mwanao akupendaye,
Nuru