Wimbo Ule si wa Kuchekea

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mama.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi cha baridi kimekuacha, na kwamba wifi na mtoto hawajambo. Mama mzima. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimuuliza anasema ngazi ndizo zimezeeka. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo kaa chini usome.

Nilikuandikia kwenye simu jambo lililonipata, ukanijibu maneno matatu: cheka nao tu. Najua ulikuwa kazini. Leo nakueleza yote kwenye karatasi, ili usinijibu kabla hujamaliza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye lile kongamano la wapenzi wa hadithi za ajabu, la watu wanaovaa kama majoka na wafalme wa nchi zisizokuwepo. Nilivaa kama Mlinzi wa Lango, mhusika niliyemtunga mwenyewe: pazia kuukuu la mama, lililoshonewa vizibo vya soda mpaka likawa na magamba. Nikitembea nalia kama sanduku la vijiko. Fundi cherehani aliyenisaidia mabega aliniuliza, "Hili la harusi au la vita?" Nikamwambia la vyote viwili.

Kule ukivuka mlango unaitwa kwa jina la vazi lako mpaka utoke. Kaka, mimi ninayetetemeka nikigonga mlango wa meneja, kule mtu mzima mwenye pembe alinipisha akisema, "Pita, Mlinzi."

Alasiri kuna chumba cha nyimbo. Kila mmoja anaimba wimbo aupendao kwa lugha isiyo yake. Nilisikia Kireno kwa mchawi mwenye ndevu za pamba, na Kikorea kwa mapacha waliovaa kama popo. Hakuna kucheka, na simu zote zinaachwa kapuni mlangoni. Ukikosea, umekosea mbele ya wenzako, linaishia palepale.

Niliimba ule wa Kifini ulionitumia baba alipofariki, tuliokuwa tukiusikiliza pamoja kwenye simu, wewe huko na mimi jikoni, bila kuelewa hata neno. Sauti ilinikatika katikati, nikalia kidogo, nikamaliza.

Sasa, keshia wetu ofisini, tunayemwita Simu Mbili, alikuwepo. Alikuwa amemleta mwanawe. Simu mbovu akaiweka kapuni, nzima akabaki nayo mfukoni ikinirekodi. Jumatatu nafika kazini, naisikia sauti yangu ikitoka dirisha la malipo, na wateja kwenye foleni wanashika mbavu. Simu Mbili anawaambia, "Huyo ndiye karani wetu wa mafaili. Siku za kazi karani, wikendi samaki." Pale nilipolia alirudisha nyuma, akapacheza tena.

Hapo ndipo uliponiambia nicheke nao. Nikacheka, Kaka. Nilicheka wiki nzima mpaka taya zikauma. Na kicheko hicho kilizaa nini? Meneja aliniita, akasema Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga mkurugenzi nije na vazi langu niimbe, "na pale pa kulia usiparuke, ndipo patamu." Kisha, huku akitazama dirishani, akanikumbusha kwamba fomu yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwake. Unajua bado niko kwenye majaribio. Unajua pia dawa za mama zinategemea mshahara huu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwake na maneno niliyoyafanyia mazoezi bafuni, ya adabu, yenye samahani nyingi. Yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Mzee, sitaimba." Akauliza kwa nini. Nikasema wimbo ule si wa kuchekea.

Akaniambia, "Binti, umeajiriwa hapa kununa?"

Nikamjibu, "Nimeajiriwa kupanga mafaili." Sikukusudia jeuri, Kaka. Ndilo jibu la kweli lililokuwa karibu.

"Haya," akasema, "tutaonana kwenye hiyo fomu."

Nilitoka. Napita dirisha la malipo, Simu Mbili ananiita, "Samaki wetu, leo unatuimbia saa ngapi?" Nikasimama. Nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba lile kapu liliwekwa na watu wanaoaminiana, na kwamba yeye alimpeleka mwanawe pale akamwonyesha namna ya kuiba. Hakucheka mtu. Hata sasa naikandamiza kalamu. Ukiona herufi zimepinda, sababu ndiyo hiyo.

Fomu haijasainiwa. Labda haitasainiwa, na ninaogopa sana, sitakuficha. Lakini hasira imekaa juu ya woga na haishuki.

Jana nilimweleza mama. Akasikiliza akikanda goti, kisha akataka nimwimbie wimbo wenyewe, na vazi nivae. Nikauimba wote jikoni, vizibo vikilia. Pale sauti inapokatika ilikatika tena. Nilipomaliza aliniuliza, "Sasa hapa cha kuchekesha kiko wapi?"

Swali hilo nakuletea wewe. Lijibu kwa barua, si kwa maneno matatu. Na ndani yake uniandikie wimbo mwingine, wa lugha yoyote, nijifunze kabla ya kongamano lijalo. Nikiwa na kazi au sina, nitakwenda.

Msalimie wifi sana. Mwambie mwanao shangazi yake anamkusanyia vizibo vya vazi lake. Mama anakuombea ulale salama na uvae soksi. Mungu akuepushe na baridi ya huko, na atusimamie sisi huku.

Mdogo wako akupendaye, hata leo aliponuna,

Kisungura