Dakika Tano Alizokunyima Shemeji

Dada Esta, mzaliwa mwenzangu,

Huko uliko cheka kwanza, maana nimekulipizia kisasi. Mimi yule yule niliyeacha shule darasa la sita, ukaniita Kichwa Maji.

Unakumbuka tumbo lilipokukamata, mimba ya miezi mitano? Ulijikunja mkekani, nikakutania, "Umekula tena udongo wewe!" Ukanirushia ndala. Ilinikosa, ila mpaka leo inaniuma. Zahanati siku ile tabibu alikuwa mmoja tu, mwanaume, na mumeo Jeremia akaziba mlango: "Tumbo la mke wangu halishikwi na mwanaume. Nitaeleza mwenyewe." Akaeleza yeye, maumivu yako! Mkarudi na vidonge. Siku ya tatu tukakuzika, wewe na mtoto wako.

Sasa sikia. Mwaka huu mke wake mpya, Rehema, akashikwa tumbo, naye mjamzito. Na pikipiki inayowaka asubuhi ya mvua hapa Kinampanda ni ya nani? Yangu! Jeremia akaja mbio, "Mdogo wangu, nisaidie." Nikazima injini makusudi.

"Nampeleka hospitali ya Kiomboi. Ila daktari yeyote akimgusa, wewe kimya. Ukifungua mdomo, nakushusha porini."

Daktari alikuwa mwanaume, dada, tena ana mikono kama fundi matofali! Mimi nilibaki nje ya pazia. Rehema ndiye aliyenisimulia baadaye. Daktari aliisugua mikono ipate joto, akamlaza, magoti juu, akaanza kubonyeza upande usiouma, polepole, anamtazama usoni. Kufika kulia, hilo yowe hata mimi nililisikia. Kidole tumbo. Apasuliwe leo leo. Na aliyeshika kanga ya kumsitiri ni nani? Jeremia!

Akatoka jasho linamchuruzika. "Kumbe ni dakika tano tu," akasema.

"Tano, shemeji. Dada yangu ulimnyima hizo."

Akakaa chini sakafuni, na suruali yake ya kanisani.

Rehema alipona, akajifungua salama, mtoto wa kike. Akaniuliza nauli. Nikamwambia nataka mtoto apewe jina lako, dada. Jeremia akagoma, Rehema akamjibu, "Basi mtoto atakaa bila jina." Shemeji ataweza wapi! Akakubali.

Sijamsamehe, dada. Kila siku napita kwake, hata bila abiria, napiga honi: "Shemeji! Esta hajambo?"

Na lazima ajibu, majirani wanasikia: "Esta hajambo."

Mdogo wako uliyemkosa kwa ndala,
Kichwa Maji