Masizi ya Gari la Tarjei

Jumatatu, 4 Novemba
Gari limekata pumzi tena mlimani. Nakanyaga mafuta — linakohoa tu, moshi mweusi nyuma, lori linanipigia honi. Tarjei, mume wangu, kando yangu anagonga dashibodi kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Nikageuza, tukarudi nyumbani. Mazoezi yake ya kuongea tumeyakosa, ni mara ya pili. Tumekula viazi vya jana, hata sikuvipasha moto. Nimechoka.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepiga simu gereji. Nafasi hakuna mpaka mwisho wa mwezi! Fundi akaniuliza habari ya moshi. Masizi hayo, mama, akasema, njia ya hewa imeziba.
Nikamweleza mume wangu. Alikuwa akiisafisha mwenyewe kila vuli, kabla ya kiharusi. Akajinyooshea kidole. Kisha akaninyooshea mimi: yeye aelekeze, mimi nisafishe.
Mimi! Ambaye hata maji ya wipa sijawahi kuongeza.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua ya theluji. Nimemkalisha Tarjei bandani kando ya gari, blanketi magotini, fimbo mkononi. Maneno humtoka kombo siku hizi. "Mkate!" anafoka. Mkate upi tena? Nampa bisibisi — siyo. Nampa koleo — siyo. "Mkate, Aslaug! Mkate!" Kumbe spana. Nikacheka, naye akanuna.
Nikafungua lile bomba la mpira linaloingiza hewa kwenye injini, na nyuma yake kile kibati cha duara kinachopitisha hewa. Mama yangu! Masizi yameganda kama lami, pamebaki tundu la kupita kidole. Hapo ndipo gari lilipokuwa likipumulia.
Nikapuliza dawa ya kusafishia, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Nikataka kukizungusha kile kibati kwa nguvu — fimbo ikanitua kwenye kiwiko! Hakilazimishwi, kumbe kinavunjika. Kile kihisi kidogo cha kupima hewa nacho nikakielekezea mswaki. Fimbo tena. "Sasa ukinipiga mara ya tatu utasafisha mwenyewe," nikamwambia. Akainamisha kichwa. Nikajutia ulimi wangu.
Gjermund, jirani, akachungulia. "Ee, bibi fundi! Karakana unafungua lini?" Kisha akamgeukia Tarjei, akaongea polepole kwa sauti kubwa, kama na kiziwi. Tarjei akatazama ukuta.
Mikono haitakati. Mgongo nao! Nitaunganisha kesho.

Jumapili, 10 Novemba
Nimefunga kila kitu. Nikawasha. Likatetemeka, likazima. Tena — likazima. Nikaketi kwenye ndoo, nikalia. Kwa uchovu tu.
Tarjei akainuka peke yake, akajishikilia kwenye bodi ya gari mpaka mbele. Akaingiza mkono wa kushoto, akatoa waya niliosahau kuuchomeka. Akanitikisia usoni. Nikauchomeka.
Likawaka! Sauti laini, moshi hakuna. "Aslaug," akasema. Kisha, wazi kabisa: "Vizuri."
Nikakimbilia ndani kunawa, ili tukajaribu kupanda mlima. Niliporudi, nikamkuta amekaa kwenye usukani. Mlango amefunga. Mkanda amevaa.
Daktari alikataza kabisa asiendeshe. Mguu wa kulia hausikii.
"Shuka, mpenzi." Anatikisa kichwa. Nimegonga kioo, nimebembeleza, nimefoka. Anatazama mbele tu, barabarani. Hajaondoa gari. Ila hazimi.
Nimesimama mbele ya boneti, daftari nimelilaza juu yake, naandika, chuma kina joto. Nikisogea ataondoka. Naye anajua kwamba najua. Ananitazama sasa. Anatabasamu — upande mmoja. Nami sisogei.