Miaka Tisini na Tisa ya Habuba

Walukuba, Jinja
Jumatatu

Dada yangu mpendwa Ramlah,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Muhamad na watoto, na zaidi ya wote Habuba yetu Bushira, bibi wa mabibi. Ukiniuliza mimi, ni mzima mpaka naona aibu mbele ya wagonjwa. Na bahati, dada! Bahati imenikaa kichwani kama kofia. Nimefanywa mkubwa wa kompyuta ofisini kwetu. Nina kiti cha kuzunguka, na askari wa getini ananiita afande. Mimi, mtu aliyeiacha shule kabla shule haijamwacha! Watangazie watu wa Malukhu waliosema nitazeeka nikiuza chapati.

Barua hii anakuletea Nyongesa, dereva wetu. Mpe chai, lakini usimuulize habari za cheo changu, ana wivu. Sikupiga simu kwa sababu ungeikata katikati, na haya lazima uyasikie mpaka mwisho.

Ujumbe wako niliupata. Unasema wazee wote wa Malukhu wamepigiwa simu waende Alhamisi kwa madaktari wa macho, watolewe mtoto wa jicho, hata mzee Masaba anayeona sindano gizani, ila Habuba hakupigiwa. Eti amekaa sebuleni na gauni lake jipya, simu mapajani, na mtu akikohoa anamnyamazisha asije akakosa mlio. Unasema sababu mnaijua: sisi Wanubi tulikuwa tunaitwa vita ikianza tu, dawa ikija tunasahauliwa. Na kesho kutwa unakwenda na kina mama kumpigia kelele mwenyekiti wa mtaa. Dada, ngoja. Kaa chini kwanza.

Ofisi yetu ndiyo iliyopita Malukhu na maswali ya macho, na ndiyo inayotengeneza orodha ya wa kuitwa. Majibu yote yako kwenye kompyuta. Kila swali lina safu yake, na kila safu ina jina lake. Mtu akijibu kwamba hajui, wanaandika tisini na tisa. Kabla ya orodha kutoka, hizo tisini na tisa lazima zifutwe, kompyuta isije ikadhani ni jibu la kweli. Bosi wangu Racheal, binti wa askari wa Kimaka, mkali kama pilipili lakini ana moyo, alinifundisha amri yake. Unaiambia kompyuta kwamba kwa kila jina utakalolitaja iingie safu ile, ikikuta tisini na tisa ifute, halafu iende jina linalofuata. Unaandika mara moja, inazunguka yenyewe.

Nilicheka, nikamwambia Habuba anaijua amri hiyo kabla kompyuta haijazaliwa. Si kila magharibi anatutaja wajukuu jina kwa jina, Ramlah, Tamim, Swabrah, Wahab, kila jina dua ile ile, hamruki hata aliyemwibia kuku? Racheal akasema vizuri, basi na mimi nitaje safu zangu hivyo hivyo, moja moja.

Lakini wewe unanijua. Majina yalikuwa mengi, machozi, maumivu, mwanga, miwani, mtoto wa jicho, na chai ilikuwa inapoa. Nikaona yote yanaanza na m. Na nilikuwa nimemsikia mtu akisema ukiandika m na kinyota nyuma yake, kompyuta inakusanya kila jina linaloanza na m. Nikaweka nyota, nikabonyeza. Ilimaliza kabla sijameza. Banange, nilijipigia makofi mwenyewe!

Kumbe na safu ya miaka nayo inaanza na m.

Na Habuba ana miaka mingapi? Tisini na tisa, na amekuwa nayo tangu harusi yako. Ukimwambia imeshapita anakuonyesha tasbihi yake, anasema majina mazuri ya Mungu ni tisini na tisa, yeye ni nani apite hapo. Malukhu nzima hakuna mwingine aliyejibu hivyo. Kompyuta ikadhani ni mwanamke asiyejua umri wake, ikafuta, na asiye na miaka haingii kwa wazee.

Kwa hiyo, dada, safari hii hakuna aliyewabagua Wanubi. Aliyemfuta ni mimi, Mnubi wa tumbo moja na wewe.

Nilipousoma ujumbe wako nilitafuta mstari wake. Nikakuta Bushira, macho mawili mabovu, na mahali pa miaka peupe kama kanzu ya Idi. Nilikaa kwenye kile kiti nikizunguka polepole. Ningeweza kunyamaza, kwa maana wa kulaumiwa ulikuwa umeshampata. Lakini kila nikizunguka namwona na ile simu mapajani. Nikainuka, nikaenda kwa Racheal, nikamwambia yote. Aliniuliza kwa nini sikutaja majina. Nikasema yalinichosha. Akaniuliza kama Habuba huwa anachoka.

Alirudia kazi yote mwenyewe, jina kwa jina. Habuba ameingia. Alhamisi asubuhi mpeleke, hata simu ikichelewa. Wakimuuliza miaka aseme tisini na tisa, asiogope. Kwa mwenyekiti usiende, na kama kuna uliyemtukana tayari, muombe radhi kwa jina langu.

Nisalimie shemeji Muhamad. Nisalimie Swabrah. Nisalimie Wahab. Nisalimie mzee Masaba na macho yake ya mwewe. Nawataja mmoja mmoja, nyota nimeiacha. Habuba mwambie nitakuja, nataka Ijumaa wakimfungua bandeji sura ya kwanza aione yangu, ajue wa kumchapa.

Nafasi ya kuja ninayo. Ule ukubwa wa kompyuta ni uongo, dada. Kompyuta nimenyang'anywa, kiti amekikalia mwingine, na gari alilokuja nalo Nyongesa nimeliosha mimi.

Mdogo wako,
Tamim