Mtihani wa Aprili

Osnabrück, Jumanne

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote wa nyumbani. Natumai goti lako limetulia na kwamba unamwachia kibarua wetu Jürgen kubeba magunia, ingawa nakujua, humwachii. Desturi inataka nami niseme sijambo, na kama ungekuwa mtu mwingine ningesema.

Usishangae kupata barua. Mwanga wa simu unaniumiza macho, tena kwenye simu wewe huongea na mimi husikiliza. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Msimu umekuwa mtamu, sikatai. Mechi kumi na mbili, tumeshinda kumi. Wale wa Vienna walikuja wakitutania kwamba sisi Kunguru tunajua kuiba mahindi tu, wakaondoka wameshindwa. Kazi yangu ni ileile: nasimama katikati ya walinzi, nawasoma wapinzani wanavyojipanga, nawapigia wenzangu kelele nani aende wapi, kisha najitupa kwa yeyote aliyeshika mpira. Watu huona mabavu, lakini mpira huu wa Kimarekani ni kazi ya kichwa.

Jumapili ni fainali. Mama ameniandikia kwamba kikosi cha zimamoto cha kijiji kimekodi basi, na kwamba wewe umeagiza fulana hamsini zenye jina letu mgongoni. Baba, niliposoma hayo nilikaa kitandani nikalia, wala si kwa furaha.

Mwezi Julai, kwenye mechi ya ugenini kule Wrocław, niligongana kichwa na mkimbiaji wao. Niliinuka, nikacheza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo kichwa hiki si changu. Kelele za chumba cha kubadilishia nguo zinanitapisha. Wiki iliyopita nilipotea nikirudi kutoka duka la mikate ninakokwenda kila asubuhi. Uwanjani nawaona wapinzani wakijipanga, najua niliwahi kuwasoma, lakini maneno hayaji. Nahodha wetu, Henning, hupiga kelele badala yangu, na watu wanadhani ni mbinu mpya.

Utauliza daktari wa timu yuko wapi. Yupo, Dokta Schauer, mama makini sana. Alinipima baada ya Wrocław: kukumbuka maneno, kupanga namba kinyumenyume, kubonyeza kitufe taa ikiwaka. Akalinganisha na matokeo yangu ya Aprili, kabla ya msimu. Yakalingana, akasaini kwamba mimi ni mzima.

Nilimwendea kocha Riedel nikamwambia sijisikii vizuri. Hakufoka. Alinishika bega akasema, "Falk, kila mtu huwa na wasiwasi kabla ya fainali. Karatasi inasema uko fiti, bwana." Utasema basi nikatae kucheza. Najijua, Baba. Jina langu likitangazwa, nikawaona nyie na fulana zenu, nitaingia tu.

Sasa lile ninalolikwepa tangu mwanzo wa barua. Matokeo ya Aprili ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Wakongwe hutufundisha kuuharibu mtihani ule makusudi, ili siku ukigongwa, akili iliyovurugika ionekane ndiyo akili yako ya siku zote. Mwaka wangu wa kwanza nilisita, Henning akanicheka: "Usijifanye profesa, dogo. Aprili unakosea, Julai unacheza." Nimekosea kila Aprili kwa miaka mitatu. Mwaka huu, kati ya maneno kumi nilitaja matatu nikajifanya nimesahau mengine. Baada ya Wrocław nilijitahidi kwa nguvu zangu zote, jasho likinitoka, nikakumbuka matatu.

Nilitaka kumwambia daktari. Henning alinikuta mlangoni kwake, akanivuta pembeni, naye ana watoto wawili na huu ni msimu wake wa mwisho. Aliniambia, "Ukisema lako, umesema la wote. Nusu ya timu itakaa benchi Jumapili." Hakunitisha, Baba, aliniomba. Akanifanya niape kwamba sitafungua mdomo, nikaapa.

Mimi niliapa. Wewe hukuapa.

Kwa hiyo nakuomba usilingoje basi la Jumapili. Njoo Ijumaa, peke yako, umtafute Dokta Schauer kabla ya mazoezi. Najua ninakutwisha mzigo ambao ni wangu, na wenzangu wakinichukia watakuwa na haki. Huenda nao wanahitaji kupimwa upya. Mwambie mwanao hakuwa hivi. Mwambie kwamba nikiwa na miaka tisa nilizijua kwa moyo namba za hereni za masikioni za ng'ombe wetu wote sitini na mbili, ukiniuliza zizini gizani bila kuangalia. Asubuhi hii nilijaribu kuzikumbuka za wale wa zamani. Nimepata nne.

Msalimie Mama, mwambie saladi ya viazi asiipeleke uwanjani, tutaila nyumbani. Wasalimie na wa zimamoto, uwaombe radhi kwa ajili ya basi.

Baba, fanya haraka.

Mwanao,
Falk